Ukwaju, Samaki na Chupa za Dukani: Safari ya Mfangano

Mfangano ni kisiwa cha Ziwa Viktoria, katika Kaunti ya Homa Bay, na anayetoka pwani kwenda huko huikata Kenya nzima kwa upana wake, kutoka maji ya chumvi hadi maji matamu. Sisi tulipanda treni ya Mombasa hadi Nairobi, tukalala kwa jamaa, kisha alfajiri tukashika basi la kupitia Narok na Kisii hadi Homa Bay, na kutoka hapo gari dogo likatufikisha Mbita. Mbita ndiko nchi kavu inakoishia. Mbele yake kipo kisiwa cha Rusinga, kilichoungwa na bara kwa barabara, na nyuma ya Rusinga, kwa mbali, huonekana mlima mmoja wa rangi ya samawati uliokaa juu ya maji kama jahazi lililotia nanga. Huo ndio Mfangano, na kuufikia hapana njia ila chombo.

Kaka yangu amekuwa mwalimu kisiwani humo kwa miaka 3, na miaka yote 3 mkewe amekuwa akitualika wakati wa likizo, nasi tukitoa udhuru. Udhuru wetu ulikuwa mmoja tu, tena hauhusiani na umbali wala nauli. Nina binti wa miaka 9 ambaye hali ngano. Si kwamba haipendi. Anaipenda mno, na harufu ya mahamri ya asubuhi humtoa machozi hadi leo. Hali kwa sababu ngano inamdhuru.

Ugonjwa wenyewe madaktari wanauita siliaki. Mwenye siliaki akila gluteni, yaani ile protini inayoufanya unga wa ngano uvutike ukikandwa, mwili wake huushambulia utumbo wake mwembamba. Vile vinyweleo vidogo vya ndani vinavyofyonza chakula husinyaa na kulala, na mtoto hula akashiba huku mwili umebaki na njaa. Gluteni imo katika ngano, katika shayiri na katika rai. Haimo katika mchele, mahindi, mtama, wimbi, uwele wala muhogo. Hapana dawa ya kumeza wala chanjo. Dawa ni kuacha, tena kuacha moja kwa moja, kwani hata chembe ya unga iliyosalia juu ya kibao cha kukatia yatosha kuamsha maradhi.

Binti yangu alipewa dawa za minyoo kwa muda mrefu kabla ya kupatikana daktari aliyeagiza damu ipimwe. Nalisema hili kwa ajili ya mama yeyote mwenye mtoto asiyenenepa, mwenye tumbo lililojaa, upungufu wa damu usiokwisha na choo kisichotulia. Wengi hudhani huu ni ugonjwa wa Wazungu. Sivyo. Katika mwaka 1999 ulichapishwa uchunguzi juu ya watoto wa Kisahrawi, Waislamu wenzetu wa Sahara Magharibi wanaoishi katika kambi za wakimbizi nchini Algeria, na ikaonekana kwamba zaidi ya watoto 5 katika kila 100 walikuwa nao, ilhali makadirio ya dunia ni kama mtu 1 katika 100. Na mama asiharakishe kumwachisha mtoto ngano kabla ya kupimwa, kwa kuwa kipimo cha damu hutafuta alama za mwili unaopigana na gluteni. Ikiwa mtoto ameshaiacha, alama hizo hufifia na jibu hupotea.

Aliyeitambua ngano kuwa ndiyo adui alikuwa daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Alikuwa na shaka hiyo tangu kabla ya Vita vya Pili, na ile njaa kubwa iliyoipata nchi yake katika majira ya baridi ya 1944 na 1945 ikaithibitisha: mkate ulipokosekana wagonjwa wake walipata nafuu, na mkate uliporudi maradhi yakarudi nao. Ajabu ya Mungu, kwamba njaa iliyoua watu wengi iliwaponya wachache.

Sasa fikiri, ndugu msomaji, jinsi sahani yetu ya pwani ilivyojaa ngano. Mahamri, chapati, sambusa, kaimati, visheti, katlesi zilizoviringishwa katika chenga za mkate, tambi za daku. Karamuni mwanangu hubeba kikopo chake na kukaa kando akila wali alioletewa kutoka nyumbani, huku wenziwe wamezunguka sinia. Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka 2. Na lililotushinda kuliko yote halikuwa mkate, kwa sababu mkate unaonekana. Lililotushinda ni vitu vidogo vinavyotiwa juu ya chakula: sosi, achari, unga wa viungo, matone mawili ya kitu cheusi kutoka chupani.

Ndiyo maana pale Mbita, kabla ya kuvuka, niliingia maduka 3 mfululizo nikisoma chupa. Kaka yangu alikuwa ameahidi kuchinja mbuzi, na nyama ya kuchoma yataka cha kuchovyea. Mwenye duka alinitazama kama anayemtazama mkaguzi wa serikali. Nilichokikuta huko ndicho utakachokikuta Mombasa, Mtwapa au Malindi, basi nitakieleza.

Sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano pamoja. Wengi hushangaa, kwa kuwa jina lataja soya peke yake. Ipo aina ya Kijapani iitwayo tamari, ambayo kwa kawaida huwa haina ngano, lakini nayo isomwe, na Mbita usiitafute. Ile sosi nyembamba nyeusi ya Worcestershire, kwa mapishi yake ya Uingereza, hutiwa siki ya kimea, na kimea hicho ni cha shayiri. Siki nyeupe haina neno. Sosi ya nyanya huwa salama mara nyingi, ila zile za bei nafuu hufanywa nzito kwa wanga. Ikiandikwa wanga wa mahindi au wa muhogo, nunua, na ikiandikwa wanga tu bila kutaja asili yake, rudisha chupa mahali pake. Viungo vya mchuzi vya pakiti na vile vijiwe vya supu vyataka macho makali zaidi, maana baadhi yake huchanganywa na unga wa ngano ili vipate uzito. Haradali ya kopo nayo wengine huifanya nzito kwa unga.

Neno la kukumbuka ni kimea. Hilo ndilo linalopenya bila kutambuliwa, kwa kuwa mama aliyezoea kutafuta ngano hulipita akidhani ni kitu kingine.

Sisi Waislamu kusoma lebo si jambo geni. Tumezoea kutafuta jelatini, mafuta ya wanyama na mvinyo. Lakini muhuri wa halali hausemi lolote juu ya ngano, kwani ngano ni halali na ni neema kwa asiyedhurika nayo. Na kinyume chake pia ni kweli: sosi iliyoandikwa kuwa haina gluteni yaweza kuwa na mvinyo ndani yake. Kwa hiyo mama wa mtoto kama wangu husoma kila chupa mara mbili. Zipo pahala ambapo hasara zote mbili hukutana katika chupa moja, nako ni kwenye majiko ya nyama choma ambako wapishi huirashia nyama bia ili ilainike. Bia ni shayiri. Hapo huna haja ya kuuliza swali la pili.

Katika maduka yote 3 nilipata kitu kimoja cha kuaminika: siki nyeupe. Hapakuwa na chupa yoyote iliyoandikwa kwamba haina gluteni. Maneno hayo yana kipimo chake katika kanuni za kimataifa za Codex, kwamba chakula kisizidi miligramu 20 za gluteni katika kilo moja, lakini chupa za namna hiyo huletwa kutoka nje na hukaa katika maduka makubwa ya mijini kwa bei ya kumtoa mtu jasho. Tukavuka na siki yetu.

Tulikuwa pia na mzigo wetu wa nyumbani: nazi 4, mchele, unga wa mchele wa vitumbua, bizari nzima, pilipili manga na iliki niliyoisaga mwenyewe, na mbuzi. Niliposhuka Sena, ambako ndiko kwenye ofisi na soko la kisiwa, jirani mmoja wa wifi yangu akanipokea mizigo na kuniuliza kifurushi kirefu kile kina nini. Nikamjibu kwamba ni mbuzi. Akakigeuza, akakitikisa, akamwita mwenziwe aje aone watu wa Mombasa wanavyosafirisha mbuzi. Ilibidi nikifungue na kuketi juu yake pale pale ufukweni, nikawaonyesha jinsi nazi inavyokunwa, ndipo kicheko kilipokwisha.

Jirani wa pili wa wifi yangu ni bibi wa makamo ya mamangu, ambaye wajukuu wote wa mtaa humwita dani, yaani nyanya. Ni Msuba, katika watu wa kisiwa hicho ambao wazee wao walifika kutoka upande wa Uganda, na ambao leo wengi wao huzungumza Kijaluo zaidi kuliko Kisuba. Wifi yangu alimweleza kwa kirefu habari za mtoto. Nilijiandaa kwa yale niliyoyazoea kuyasikia: kwamba kidogo hakidhuru, kwamba mtoto amedekezwa, kwamba aombewe. Yule bibi alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa Kiswahili chake, "Kama hakuli chapati, huyo ni mtu wa hapa. Wacha akule."

Na kweli, ukitazama chungu cha Mfangano huoni ngano. Ugali wao ni wa mahindi, au wa mtama na muhogo uliochanganywa, mweusi kidogo na mzito, wenye uchachu wa mbali. Uji ni wa wimbi au mtama. Mboga ni majani ya aina nyingi, machungu na matamu, baadhi yake yakipikwa kwa maziwa. Kitoweo ni samaki: ngege, mbuta, na dagaa wanaoitwa omena. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na anayesimama mlimani wakati huo huona ziwa limewaka kama mji. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika, kwa sababu nuru ya taa haiwavuti tena. Asubuhi omena huanikwa juu ya nyavu zilizotandazwa chini, wakimetameta kama vipande vya fedha. Na samaki hahitaji kuchinjwa, hata msafiri Mwislamu hana la kuhoji.

Lakini ngano imeshafika kisiwani, na hufika pale usipoitazamia. Akina mama wanaokaanga samaki ufukweni, baadhi yao huwapaka unga wasishike kwenye karai, na mafuta hayo hayo asubuhi yamechoma mandazi. Unga wa uji wa mchanganyiko unaouzwa madukani mara nyingi huwa na ngano ndani yake, ukisifiwa kwamba unamjenga mtoto. Soseji hutiwa makombo ya mkate, na zikichomwa juu ya wavu mmoja na nyama, nyama nayo haifai tena kwa mgonjwa. Kinu cha kusagia nafaka, ambacho ndicho tegemeo la kila nyumba, leo husaga mtama na kesho husaga ngano ya mtu. Wifi yangu alikuwa ameshalifikiria. Alikwenda kinuni asubuhi na mapema kabla ya wengine, akaomba kifagiwe, akasaga kwanza mahindi kiasi yakapite na mabaki ya jana, unga huo akawapa kuku, ndipo akasaga mtama wa mgeni wake. Sina namna ya kumlipa.

Kuhusu sosi, jibu lilikuwa juu ya mti. Nyuma ya nyumba ya dani umesimama mkwaju mkubwa, ambao wao wanauita chwaa, na ganda zake zilikuwa zimeiva. Yeye hutumia ukwaju kuutia uji ukali. Sisi pwani twautumia kwa mishkaki, kwa samaki wa kupaka na kwa kinywaji cha futari. Kila mmoja wetu alimwona mwenziwe ameuelewa mti nusu.

Tulimenya ukwaju kama nusu kilo, tukauroweka katika vikombe 3 vya maji ya moto mpaka ukalainika, tukauvuruga kwa mkono na kuuchuja kwa kitambaa. Katika sufuria tuliweka mafuta kidogo, kitunguu maji kilichosagwa na kitunguu thomu cha kutosha, kisha nyanya 4 zilizoiva sana, na zilipokauka maji tukamimina ule ukwaju. Utamu ulitoka kwa sukari nguru, ambayo huku magharibi hupikwa kwa miwa na kuuzwa sokoni kwa vipande vya rangi ya kahawia. Ina ladha ya moshi ambayo sukari nyeupe haina, na kwa sosi ya nyama ya kuchoma hiyo ndiyo siri yote. Kikafuata kijiko cha bizari nzima iliyosagwa, pilipili manga, pilipili kali 2, chumvi, na vijiko 3 vya ile siki ya Mbita. Ikaachwa juu ya moto mdogo ikitokota karibu saa nzima. Haikuhitaji unga wala wanga. Ukwaju wenyewe huwa mzito ukikauka, na dalili ya kuiva ni kwamba ukichovya kijiko, sosi hubaki mgongoni mwake bila kuteleza. Dani alionja, akanyamaza kidogo, akasema imekuwa tamu sana. Tukaongeza siki, na nakiri kwamba ilifaa.

Nisiseme kwamba sosi hiyo ni sawa na ile ya chupa ya Kimarekani. Ile hutegemea nyanya na sukari, hii hutegemea ukwaju, na mimi naiona hii ni bora kwa mbuzi ambaye nyama yake ina harufu. Ya chupa itabaki kuwa ya chupa. Ila naijua kila kitu kilichoingia ndani yake, na kwa mtoto wa siliaki hilo latangulia ladha.

Jioni ya Jumamosi kaka yangu alichinja, nyama ikachomwa juu ya wavu mpya ulionunuliwa kwa ajili hiyo, na ngege 5 wakapakwa tui zito la nazi zetu lililochanganywa na ukwaju, wakachomwa polepole kwa makaa mpaka ngozi ikawa ya dhahabu. Ugali wa mtama ukapinduliwa katikati ya sinia. Bakuli la sosi likawekwa kando yake, na kachumbari, na mboga. Watoto 7 wakanawa mikono na kuketi. Mwanangu alisimama mlangoni na kikopo chake mkononi, kama alivyozoea, akinitazama. Dani ndiye aliyemwita, "Nyara, kuja, kaa hapa," akampokonya kile kikopo na kukiweka juu ya kabati. Akala na wenziwe, mkono wake ukiingia katika sinia moja na mikono yao, akachovya nyama katika bakuli moja nao, na sikuwa na sababu hata moja ya kumzuia. Niliingia jikoni nikajifanya natafuta chumvi.

Kisiwa chenyewe kina mengi ya kumtembeza mgeni. Yapo mapango yenye michoro ya kale, miduara ndani ya miduara kwa rangi nyekundu na nyeupe, huko Mawanga karibu na maji na Kwitone juu mlimani. Hunasibishwa na watu wafupi wa jamii ya Watwa waliokaa hapa kabla ya Wabantu na Wajaluo. Wenyeji waliitunza kwa heshima na hofu, na leo huelezwa vizuri katika jumba la makumbusho la amani la Abasuba. Kupanda Kwitone ni kazi, na anayevaa buibui refu na alikunje mapema.

Kwa familia itakayotaka kufuata njia yetu, hasa yenye mtoto kama wangu: beba viungo ulivyosaga mwenyewe, nazi, kibao chako cha kukatia na kisu chake, na upawa mmoja wa mbao ambao haujaguswa na unga. Mchele wapatikana. Ukwaju na sukari nguru utaviuliza sokoni; ukikosa ukwaju, ndimu na nyanya zitakusogeza. Sosi tuliyoipika tuliitia katika chupa zilizochemshwa, ikakaa wiki nzima bila jokofu. Muulize mwenyeji habari za kinu kabla hujamuuliza habari za kitanda. Na mvuke Mbita asubuhi, ziwa likiwa bado limelala. Mchana upepo huamka, mawimbi husimama, na ingawa sisi ni watoto wa bahari, wawili kati yetu walitapika wakati wa kurudi, na chupa moja ya sosi ikavunjika ndani ya mkoba wa wifi yangu aliyekuja kutusindikiza.